Shilingi kwa Kilomita: Mafuta ya Gari Lako Yanapotelea Wapi Nairobi

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta itakayoanza kutumika saa sita usiku, na kwa siku mbili tatu watu wa magari hawana mazungumzo mengine. Wana haki ya kulalamika. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Julai 2024 tozo ya ukarabati wa barabara nayo ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita.

Lakini bei ya pampu ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni kilomita ambazo lita moja inakupa, na huo uko mikononi mwako. Gari linaweza kumeza mafuta kupita kiasi kwa miaka bila taa hata moja kuwaka kwenye dashibodi, na mwenyewe akaendelea kulaumu bei. Ndiyo maana ningependa kila mwenye gari ajue namba moja kabla ya kununua chochote au kupeleka gari kwa fundi: kilomita moja inamgharimu shilingi ngapi. Katika hesabu zote hapa chini nimechukua lita kuwa shilingi 180. Wewe weka bei ya mwezi wako.

Kupima kwanza

Jaza tangi mpaka mdomo wa pampu ujikate wenyewe mara ya kwanza, na hapo hapo mwambie mhudumu aache. Asiongeze kidogo "kufikisha elfu". Andika namba ya kilomita zilizosomeka, au rudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako hadi tangi lishuke chini ya nusu, rudi kwenye pampu ile ile, simamisha gari likielekea upande ule ule, jaza tena mpaka mdomo ujikate. Kama umeenda kilomita 412 na pampu imesoma lita 31.7, gari lako linatoa kilomita 13 kwa lita. Gawanya 180 kwa 13: kila kilomita ni shilingi 13 na senti 85.

Tangi moja halitoshi kukupa jibu. Mdomo wa pampu unaweza kujikata mapema au kwa kuchelewa, ukatofautiana kwa lita moja na nusu, na kwa lita 30 hilo ni kosa la asilimia 5. Fanya matangi matatu, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye.

Najua wengi wetu hatujazi tangi. Tunaweka ya 500 leo, ya 1,000 Ijumaa. Hata hivyo unaweza kupima. Subiri taa ya mafuta iwake, andika kilomita, kisha kila unapoweka mafuta andika lita zilizo kwenye risiti, si shilingi, mpaka taa iwake tena. Jumla ya lita ulizoweka kati ya taa na taa ndizo ulizotumia. Njia hii si sahihi sana kwa sababu kwenye mteremko mafuta hulala upande mmoja wa tangi na taa huwaka mapema, lakini ukirudia mara tatu itakupa picha. Usiifanye kuwa maisha, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe, na gari linaloendeshwa kila siku kwa taa huiua mapema.

Ukishaijua namba yako, maamuzi mengi yanakuwa mepesi. Kituo fulani kinauza lita kwa shilingi moja chini, lakini kiko kilomita tatu nje ya njia yako. Kwa lita 25 utaokoa shilingi 25. Kwenda na kurudi ni kilomita sita, shilingi 83. Pita tu, ununue hapo ulipo. Vivyo hivyo na foleni ya tarehe 14 usiku: bei ikipanda kwa shilingi 5, lita 35 zimekuokolea 175, lakini nusu saa ya kungoja injini ikinguruma inakula zaidi ya 70 kati ya hizo. Nenda saa kumi jioni kabla watu hawajamiminika, au nenda usiku na uzime gari kwenye foleni.

Jam

Injini ya cc 1500 ikiwa imesimama tu, bila AC, hutumia takriban lita 0.8 kwa saa. Chukua mtu anayekaa barabarani saa moja na nusu kwa siku, na nusu ya muda huo gari halisogei. Dakika 45 za kusimama ni lita 0.6, shilingi 108. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 2,376 kwa mwezi, na gari halijasogea hata mita moja.

Kwenye mizunguko ya Nairobi inayoongozwa na askari wa trafiki, upande mmoja unaweza kuzuiwa dakika kadhaa mfululizo. Ukiona askari amekupa mgongo na magari ya mbele yote yamesimama, zima. Kwa injini ya kisasa yenye injekta, kuwasha upya hutumia mafuta ya sekunde chache tu za kusimama, kwa hiyo kuzima kunalipa kila unaposimama zaidi ya dakika moja. Kuna masharti mawili. Betri iwe nzima, kwa sababu ile inayowasha kwa kusuasua asubuhi itakuaibisha katikati ya mzunguko wa City Stadium. Na usizime kamwe gari likiwa linatembea: usukani unakuwa mgumu, na breki zinabakiza msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu.

Swali la njia ndefu iliyo wazi dhidi ya njia fupi iliyoziba lina kanuni rahisi. Kila dakika 10 za kusimama hula mafuta ambayo yangekupeleka karibu kilomita mbili. Kwa hiyo kama njia ya katikati ya jiji itakusimamisha dakika 40, njia ya kuzunguka kama Southern Bypass inaweza kukuongezea hata kilomita sita na bado ukawa na faida. Kwa kweli faida ni kubwa kuliko hapo, maana jam si kusimama tu. Ni kuondoka na kukanyaga breki, kuondoka na kukanyaga breki, na kila kuondoka hula zaidi ya kusimama.

Barabara ya Expressway ni suala jingine. Januari 2024 tozo ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipandishwa hadi shilingi 500. Hiyo ni bei ya lita 2.8, mafuta ya kilomita kama 36 kwa gari letu la mfano, na barabara yenyewe ina urefu wa kilomita 27. Haiwezi kujilipa kwa mafuta peke yake. Ukipita juu, umenunua muda, na muda una thamani yake, lakini usiuandike kwenye safu ya mafuta.

Ndani ya jam yenyewe, acha nafasi ya magari mawili mbele yako na uache gari lijisukume kwa D bila kukanyaga eksileta. Ndiyo, matatu itaingia hapo. Iache iingie. Nafasi itajirudia baada ya sekunde kumi, na wewe hujatumia mafuta kuikimbiza halafu ukayageuza kuwa joto kwenye breki.

Matuta

Hili halihesabiwi na watu, ilhali kuna mitaa ya jiji hili ambapo tuta linafuata tuta kila mita 200. Gari la kilo 1,100 likiwa kwenye kasi ya 50 limebeba nguvu ya mwendo ya takriban kilojuli 106. Ukifunga breki hadi 10 ili uvuke tuta, karibu zote zimeishia kwenye diski. Lita ya petroli ina megajuli kama 32, na robo hivi tu ndiyo inayofika kwenye magurudumu, kwa hiyo kurudi kwenye 50 kunakugharimu mililita 12 au 13. Ni zaidi ya shilingi 2 kwa tuta moja. Matuta 20 asubuhi na 20 jioni, umefika shilingi 90 kwa siku.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa kasi ya 30 badala ya 50. Inashuka hadi senti 76 kwa tuta, kwa sababu nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Kati ya matuta mawili yaliyo karibu huna muda wowote unaookoa kwa kukimbia. Shika 30, achia eksileta mapema, vuka, endelea. Matairi na shokabzoba zitakushukuru pia.

Kwenye Thika Road au Mombasa Road kukiwa wazi, adui anageuka kuwa upepo. Nguvu ya upepo kwenye 110 ni karibu mara mbili ya ile ya 80. Kwa kilomita 20, tofauti ya muda ni dakika nne. Keria tupu iliyosahaulika juu ya gari tangu Krismasi inazidisha hasara hiyo kila siku, kwa hiyo ishushe.

Tabia ya "frii"

Madereva wengi walifundishwa kuweka gari frii, yaani kulitoa kwenye gia, kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Kwa magari ya kabureta ya zamani kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Kwa gari lenye injekta ni kinyume. Ukiwa ndani ya gia na umeachia eksileta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta hufunga injekta zote. Hakuna tone linaloingia mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na kiwango cha gari lililosimama. Ukiweka frii, magurudumu hayaizungushi tena injini, kwa hiyo kompyuta inalazimika kumwaga mafuta ili isizime. Unalipia mteremko ambao ungekuwa bure.

Waiyaki Way ukishuka kuelekea Museum Hill, achia eksileta mapema ukiwa bado kwenye D au gia yako ya juu. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu teremsha gia kabisa. Hapo frii si suala la mafuta tena: breki zikibeba uzito wote peke yake hupata joto, maji ya breki yakachemka, na pedali ikazama hadi chini bila kushika.

Kwa gari la otomatiki la zamani kidogo, angalia kama kwenye dashibodi kunaonekana maandishi O/D OFF. Kitufe chake kiko kwenye mkono wa gia, pale kidole gumba kinapokaa, na hubonyezwa bila mtu kujua. Maandishi hayo yakiwaka, gia ya mwisho imefungiwa nje, na kwenye barabara kuu injini inazunguka zaidi kwa kasi ile ile. Kuna watu wanaoendesha hivyo miezi. Kulizima ni kubonyeza mara moja.

Thamostati iliyotupwa

Kati ya makosa yote ya kiufundi yanayokula mafuta hapa mjini, hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hufanywa kwa makusudi na mteja hulipia. Gari linapata joto kupita kiasi, linapelekwa gereji, fundi anatoa thamostati na kusema "hii ni ya nchi za baridi". Joto linashuka, kila mtu anafurahi. Kuanzia siku hiyo gari linakunywa.

Thamostati ni mlango mdogo wa nta na springi kati ya injini na radieta. Maji yakiwa baridi umefungwa, injini ipate joto haraka. Yakifika joto lililopigwa chapa juu yake, kwenye Toyota nyingi ndogo nyuzi 82, unaanza kufunguka. Ukiuondoa, maji yanazunguka kwenye radieta tangu dakika ya kwanza, na injini inabaki kwenye 55 au 65, hasa asubuhi za Julai. Kompyuta inasoma hiyo baridi na kuamini injini bado inaamka, kwa hiyo inaongeza mafuta. Oili inabaki nzito. Gia za otomatiki nazo huzuiwa: kwenye magari mengi kompyuta hairuhusu gia ya juu kabisa, wala konvata (kiungo cha injini na gia) kujifunga, mpaka maji yapate joto la kutosha. Hasara tatu kwa kipande kimoja kilichotupwa.

Namna ya kujua: kama gari lako lina mshale wa joto, unapaswa kufika karibu na katikati ndani ya dakika chache na kukaa hapo hapo, jam au barabara wazi. Ukiona unashuka kila unapokimbia na kupanda kila unaposimama, thamostati haipo au imekwama wazi. Vitz, Passo, Fit na nyingine za miaka ya karibuni hazina mshale, zina taa ya bluu tu. Taa hiyo ikizimika kisha ikawaka tena ukiteremka barabara kuu, jibu ni lile lile. Ukitumia skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, soma joto la maji moja kwa moja. Injini iliyopata joto inapaswa kukaa kati ya 82 na 95. Msimbo wa hitilafu P0128 unasema jambo hilo hilo.

Ukinunua mpya, ijaribu kabla haijafungwa. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa moto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 hivi au zaidi. Ikipoa ifunge kabisa. Wakati wa kuifunga, raba yake iwe mpya, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu ili hewa ipate pa kutokea.

Lakini usiifunge kabla hujatibu kilichosababisha joto tangu mwanzo, la sivyo fundi atakuwa alisema kweli. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha radieta. Kifuniko kizima kilichochapwa 1.1 huongeza shinikizo mpaka maji yavuke 115 kabla ya kuchemka. Raba yake ikichoka, shinikizo linavuja, na gari ambalo lingekuwa salama Mombasa linachemsha hapa kwenye foleni. Kwa hiyo badilisha kifuniko kwanza. Mwaga maji ya bomba yaliyojaa kutu, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyochanganywa kama kitabu kinavyoagiza. Hakikisha feni inawaka joto likipanda, na uoshe vumbi na wadudu kati ya radieta na kondensa ya AC kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kwa maana mashine ya kuoshea magari huzilaza zile nyembe za bati. Baada ya hapo thamostati irudi mahali pake.

Breki, tairi na sensa

Breki inayoshika kidogo wakati wote haisikiki ndani ya gari. Endesha kilomita kumi kwenye barabara wazi bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama taratibu, kisha nyunyizia matone ya maji kila rimu karibu na kitovu. Ile inayofukiza au kukausha maji haraka kuliko wenzake ina tatizo. Mara nyingi si pistoni, ni pini mbili ambazo kalipa, kile kibanio cha diski, huteleza juu yake. Vumbi letu likichanganyika na maji ya mvua, grisi hukauka na pini hukwama. Zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Fundi akitumia grisi ya kawaida, raba zitavimba na baada ya miezi michache mtarudi pale pale. Magurudumu ya nyuma, angalia kebo ya handibreki: inua gari kwa jeki, achia handibreki, zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kung'ang'ania.

Presha ya tairi inasemwa sana, na mimi nitasema kwa kipimo. Tairi zote nne zikiwa chini kwa psi 8, hasara ya mafuta ni karibu asilimia 2. Ni pesa, lakini si miujiza. Hasara kubwa zaidi ni tairi yenyewe kuisha pembeni. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kwenye magari yaliyotoka Japani imeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9: 230 ni psi 33. Mhudumu akikuuliza "ngapi?" umpe namba hiyo, asubuhi tairi zikiwa baridi. Jambo moja dogo kwa wanaosafiri: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Pwani, na tairi iliyosoma 33 hapa itasoma kama 30 Mombasa joto likiwa sawa. Pima tena ukifika.

Filta ya hewa iliyojaa vumbi hupunguza nguvu ya injini zaidi kuliko inavyoongeza matumizi ya mafuta, kama gari ni la injekta. Kwenye pikipiki ya kabureta ni tofauti: hewa ikipungua mchanganyiko unanona, moshi unakuwa mweusi, na mafuta yanaisha mbio. Mwenye boda boda anayepita barabara za vumbi aikague kila wiki, na mnyororo aupake oili hapo hapo.

Kinachomeza mafuta kwa siri kwenye gari la injekta ni sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kwenye bomba la moshi kabla ya katalisti, kisafisha moshi. Ikizeeka hujibu polepole au kudanganya, na kompyuta ikaongeza mafuta. Usiibadilishe kwa kubahatisha. Nunua au azima skana ndogo ya Bluetooth inayochomekwa chini ya usukani, fungua programu yake kwenye simu, na usome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim) injini ikiwa na joto. Kati ya asilimia hasi 10 na chanya 10 ni sawa. Chanya 15 au 20 inamaanisha kompyuta inaongeza mafuta kwa kuamini hewa imezidi: tafuta mpira wa hewa uliopasuka baada ya filta, au sensa ya hewa iliyochafuka, ambayo husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa dawa ya kabureta. Hasi 15 inamaanisha mafuta yanazidi na kompyuta inayapunguza: injekta inayovuja, au shinikizo la mafuta lililopita kiasi. Marekebisho yakiwa sawa na taa ya injini haijawaka, lakini mafuta bado yanaisha, rudi kwenye thamostati na breki.

Oili nayo. Kama kitabu kinataka 0W-20 au 5W-30, usikubali oili nzito ya 20W-50 kwa kuambiwa eti gari limezeeka au Kenya kuna joto. Asubuhi ya nyuzi 12 oili hiyo ni kama asali, na injini inatumia mafuta kuisukuma. Tofauti ni asilimia moja au mbili, lakini iko kila siku. Plagi vivyo hivyo: nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti, linganisha maandishi ya kwenye kauri na ya kwenye boksi, na mwanya upimwe. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota ni milimita 1.0 hadi 1.1.

Wenye Aqua na haibridi nyingine wana kazi moja ya ziada ambayo gereji nyingi huiruka. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupozea betri kubwa. Nywele, vumbi na makombo huziba hapo, betri inapata joto, kompyuta inaipunguzia kazi, na injini ya petroli inafanya kazi muda mrefu zaidi. Fyonza kwa mashine kila mwezi, na usiweke mizigo mbele yake.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya kutumbukiza tangini, na vile vifaa vyenye taa ya kijani vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara: usitoe pesa yako. Kinachochomekwa kwenye tundu la sigara hakina mawasiliano yoyote na injekta. Kinapokea umeme na kuwasha taa, basi.

Viti vilivyo wazi

Hatua hizi zote zikifanyika vizuri zinaweza kulitoa gari kwenye kilomita 11 kwa lita hadi 14. Kuna hatua moja inayozidi hizo zote kwa pamoja. Kutoka Kitengela hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 30. Kwenda na kurudi ni 60, na hata kwa kilomita 14 kwa lita hizo ni shilingi 771 kwa siku. Majirani wawili wakipokezana magari, kila mmoja wiki yake, kila mmoja ameshuka hadi nusu. Wakiwa wanne, robo, na magari matatu yamebaki nyumbani bila kuchakaa.

Inayovunja mipango hii mara nyingi si pesa, ni saa. Kubalianeni dakika ya kuondoka na dakika ngapi za kungojana, tuseme tano, na asiyekuwepo apande matatu bila kununiana. Mpokezane magari badala ya kulipana nauli: bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haigharamii abiria wanaolipa, na ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa kulipa. Mwenye gari linalokunywa sana asibebe zamu sawa na mwenye Vitz. Hapo ile namba mliyoipima kwa matangi matatu ndiyo mtakayogawania zamu.